Ndugu Mhariri, yule kwenye picha yenu ni Durga, sio Kali

Ndugu Mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kuandika barua gazetini sio kawaida yangu, ila ile makala yenu ya Navaratri, sikukuu ya Wahindu ya siku tisa, imenikera nikaona leo acha niseme. Mmeweka picha ya mwanamke ana mikono kumi, kapanda simba, mkuki umezama kwenye kifua cha jitu linalochomoka kwenye shingo ya nyati, halafu chini mkaandika "Kali, mungu wa vita". Jamani! Huyo ni Durga. Kali mwili wake ni mweusi au wa bluu, ulimi nje, shingoni kavaa mafuvu, na yule anayemkanyaga wala sio adui, ni Shiva, mumewe. Kweli hao wawili wanahusiana, maana masimulizi yanasema Kali alitoka kwenye paji la uso la Durga akiwa amekasirika katikati ya mapigano, na ndiye alimmaliza Raktabija, lile jitu ambalo kila tone la damu yake likidondoka chini linazaa Raktabija mwingine, basi Kali akawa anaidaka damu kwa mdomo kabla haijafika chini. Lakini kila mmoja na picha yake.

Hilo la picha yaishe. Lililonichoma ni pale mwandishi wenu aliposema hawa watu "wanaabudu vita". Hapo naomba nafasi.

Kisa chenyewe kipo kwenye Devi Mahatmya, beti kama 700 ndani ya Markandeya Purana, maandiko ya zamani sana, wataalamu wengi wanayaweka karne ya 6 hivi. Kwa jinsi watu wanavyokisimulia, Mahishasura, jitu-nyati, aliomba na kujinyima mpaka Brahma, mungu muumbaji, akamkubalia kwamba hatauawa na mwanaume wala mungu yeyote. Mwanamke hakumtaja, aliona atamfanya nini. Basi akawatimua miungu mbinguni, hata Indra mfalme wao akakimbia, wakaenda kwa Shiva na Vishnu wakiwa wamenywea, na hasira zao wote zikatoka kama mwanga, ule mwanga ukajikusanya ukawa mwanamke. Kila mmoja akampa kitu, Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu lile gurudumu lake la makali, Indra radi, mlima Himalaya ukatoa simba. Yaani zana zote alizopigania ni za wanaume walioshindwa kuzitumia! Na penye utamu zaidi kwangu ni pale nyati ananguruma na kurusha milima kwa pembe, mama wa watu katulia anakunywa kikombe chake, anamwambia nguruma tu mjinga wewe wakati mimi nakunywa, nikikumaliza watanguruma miungu hapahapa.

Mimi nilisoma Mysore, jimbo la Karnataka kusini mwa India, mji ambao hata jina lake linahusishwa na huyo huyo Mahisha. Nje kidogo ya mji kuna mlima wa Chamundi, ngazi kama elfu moja mpaka juu, na huko hekalu la Chamundeshwari, ndo jina la Durga wa pale, na jirani yake lipo sanamu kubwa la Mahishasura mwenyewe lenye rangi kali, upanga mkono mmoja na nyoka mkono wa pili, watu wanapiga nalo picha. Ukoo wa kifalme wa Wodeyar unafanya Dasara, ndo Navaratri ya pale, tangu 1610, siku ya kumi tembo anambeba mama kwenye kiti cha dhahabu cha kilo 750 hivi, usiku ikulu inawaka balbu karibu laki moja. Watalii wanakuja kuona hayo.

Ila mimi kilichonikaa ni siku moja kabla, Ayudha Puja, siku ya kuombea silaha. Sasa silaha gani? Ikulu wanatoa mapanga ya kifalme sawa, lakini mtaani fundi gereji anaosha spana zake anazipanga chini anazipaka unga mwekundu, kinyozi anaweka mkasi, mwenye duka mizani, wanafunzi vitabu, ofisini kompyuta zinavalishwa maua ya njano, mabasi na bajaji zinaoshwa zinapambwa kama bibi harusi, wanaweka ndimu chini ya tairi gari lisogee lizipasue, na boga jeupe kubwa linapigwa chini mpaka lipasuke. Siku hiyo hata fundi hakufungulii boliti, vifaa vimepumzika. Sasa hapo vita iko wapi mhariri?

Na Kolkata, mji wa mashariki mwa India, ndo kabisa. Kule Durga wanampokea kama binti aliyeolewa mbali, anarudi kwao mara moja kwa mwaka na watoto wake wanne, Ganesha, Kartikeya, Lakshmi na Saraswati. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli wanamtengeneza kwa majani makavu na udongo wa mtoni, siku ya kumi wanawake walioolewa wanamlisha peremende, wanamfuta uso kwa majani ya tambuu, wanapakana unga mwekundu wao kwa wao huku wengine wanalia, kisha anapelekwa mtoni anazamishwa. UNESCO waliiingiza sherehe hiyo kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021, na garba, ngoma ya kuzunguka ya jimbo la Gujarat, ikafuata 2023.

Haki iseme pia, sio kila mtu India anafurahi na kisa hiki. Watu wa kabila la Asur kule Jharkhand wanasema Mahisha ni babu yao na siku hizo wanaomboleza, na hapo Mysore wapo Dalit, watu wa tabaka la chini kabisa, wanaomuadhimisha kama mfalme mwema aliyechafuliwa jina. Mwandishi wenu angetaka kukosoa, hapo ndo pa kuanzia, angeandika kitu cha maana kuliko hiyo ya kuabudu vita.

Tena hana haja ya tiketi ya ndege. Wagujarati wa hapa Dar kila Navaratri wanacheza garba kuizunguka taa au picha ya mama Amba, ambaye ni huyo huyo, na vile vijiti vya dandiya wengi wanakwambia ndo panga zake. Naomba mtoe masahihisho ya jina chini ya ile picha, na mwakani mtumeni mwandishi akakae nao usiku mmoja, awaulize wale kina mama wanaocheza na sio mwenye ukumbi. Wanaanza wamechelewa na wanamaliza wamechelewa, kwa hiyo ale kabisa kabla ya kwenda.

Ni mimi msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam