Barua ya wazi kwa vijana waliokuja ndivani na simu

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na kinyongo, na sitakificha. Jumamosi tulikuwa na msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia. Mlikuja wengi, fulana mpya, simu mkononi. Mmoja wenu alijitwika karai la tope, akapigwa picha, akalitua pale pale simu iliposhushwa. Saa nne nikaulizwa, "Babu, posho ipo?" Nikasema haipo. Ilipofika saa tano, tope lilikuwa la wazee na akina mama.

Sasa nisiwadanganye. Wazee wenzangu hapa Same hupenda kusema kwamba enzi zetu watu walijitolea kwa moyo mweupe. Uongo mtupu! Msaragambo ulikuwa na faini. Asiyetokea alinyimwa zamu ya maji, mahindi yakamkaukia huku jirani yake anamwagilia. Wengine walifuata dengelua, pombe ya miwa, ya jioni. Wengine walikuja kumtazama binti wa fulani, na mimi nilikuwemo. Hata hivyo ndiva ilizolewa, ikajazwa usiku, asubuhi ikafunguliwa, mashamba ya chini yakanywa.

Kwa hiyo mtu kuja na sababu tatu nne mfukoni hakunisumbui. Ninachotazama ni kama mojawapo imo ndani ya kazi yenyewe. Aliyefuata maji alibaki hadi mwisho, maana maji yako chini ya tope. Aliyefuata picha alimaliza shughuli yake alipoipata.

Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, tulikuwa tukikusanyika kuizunguka redio moja. Kipindi kikiisha tunabishana: choo kichimbwe wapi, nani ana sururu, kwa nini watoto wa upande ule wanaharisha kila mvua zikianza. Ubishi ule ndio uliotuchimbisha. Mtu akishasema mbele ya wenzake kwamba choo kinahitajika, ataachaje kuona haya kukaa kibarazani wakati wengine wanachimba? Nyinyi mliitwa kwa ujumbe wa simu na kuambiwa mfike saa mbili. Hakuna aliyewauliza lolote. Hapo kamati yetu ina lawama.

Na hiyo posho mmejifunza kwa nani? Kwetu. Miradi ilikuja na karatasi ya mahudhurio, soda na bahasha, tukawa tunasaini hata semina ambazo hatukuzisikiliza. Watoto mlikuwa mnatuona.

Mengine kwa ufupi. Fikeni kwa wakati. Msiahidi siku msiyokuwa nayo. Anayetoka mbali arudishiwe nauli, hiyo si posho. Mwenye njaa aseme. Ukichoka, aga.

Neno la mwisho ni kwa viongozi, maana najua barua hii mtaisoma. Kijana amemaliza chuo cha ualimu, anafundisha hesabu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mnamwita mwalimu wa kujitolea. Anakuja kwa sababu anatumaini ajira, nanyi mnalijua tumaini hilo na mnaliendesha kama punda. Mpeni nauli na chakula cha mchana. Mpeni barua inayoeleza alichofundisha na kwa muda gani. Na kama nafasi haipo, mwambieni leo, aamue mwenyewe kama bado anataka kuja Jumatatu.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Same