Watoto wanaopanda boti ya Mafia nao waandikwe majina

Mhariri,

Mimi kwetu Mafia, nakaa Mbagala, na kila mwaka nawapeleka watoto kwa bibi yao Kilindoni kwa barabara na boti. Ndege hatujawahi kupanda na wala sioni kama tunakosa kitu. Nimeamua kuandika kwasababu ya jambo lililonikuta mwezi wa sita pale gatini Nyamisati, mpaka leo linanikaa moyoni.

Kwanza niseme kuhusu hii njia maana watu wengi hapa Dar nikiwaambia naenda Mafia wananiuliza nauli ya ndege shingapi, wanajua kisiwa kile ni cha watalii na vindege vidogo tu. Sisi tunapanda kosta Rangi Tatu alfajiri kabla foleni haijaanza, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, tunashuka Bungu. Pale unaiacha lami ya Kusini unaingia njia ya Nyamisati, kama kilomita 40 hivi, ukikuta gari limejaa unasubiri lingine au mnachangishana bajaji. Nyamisati yenyewe iko kwenye delta ya Rufiji, mikoko mitupu, na boti pale haiangalii saa yako inaangalia maji, yakiwa yametoka mnakaa mnangoja yajae, ndo maana leo mnaweza kuondoka asubuhi na safari nyingine mkaondoka mchana na wala hakuna aliyewachelewesha. Mnangoja mnakula muhogo na samaki wa kukaanga, mnajuana nani mtoto wa nani, yani ukifika Kilindoni umeshapata habari zote za kisiwa kizima.

Chombo kikitoka mnapita kwanza kwenye mkono wa mto katikati ya mikoko, maji ya tope, halafu ghafla panafunguka na maji yanabadilika rangi, hapo ndo bahari yenyewe. Wakati wa kusi inachafuka kweli, watu wanatapika, bibi zetu wanakaa katikati ya chombo wana ndimu mkononi wananusa mpaka wafike. Maleleji, pale pepo zinapobadilishana, au kaskazi ikiwa ya upole mtoto analala usingizi njia nzima. Mwaka juzi tulikaa na kijana mmoja Mzambia, katoka Kapiri Mposhi na treni ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka hapa Dar, kaunganisha basi na boti kwenda kuwaona papa potwe, wale samaki wakubwa kuliko wote, maana kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu wanakuja pale mbele ya Kilindoni kabisa. Hakugusa ndege popote. Wanangu walimuuliza maswali mpaka tunafika, na mimi nilijisikia vizuri sana kuona mtu katoka nchi nyingine kaipita njia yetu hii hii ambayo watu wa Dar wenyewe hawaijui.

Sasa yule kijana pasipoti yake ilichukuliwa, jina likaandikwa, namba ikanakiliwa. Mimi mwezi wa sita nilikuwa na watoto watatu, wa miaka 11, wa miaka 7 na huyu mdogo wa mwaka mmoja na nusu niliyembeba mgongoni. Karani akaniuliza jina langu akaandika, akakata tiketi, nikamwambia bado watoto, akasema hao wako na wewe mama hawana haja ya kuandikwa, ingia usicheleweshe watu. Nikamwambia mwanangu mkubwa ana jina lake na mdogo ana jina lake, foleni nyuma ikaanza kulalamika, nikaingia. Lakini moyo haukutulia. Tulipokuwa katikati ya maji nikaanza kuhesabu watoto kwa macho, wa mapajani, wa kwenye mikeka, waliosimama pembeni, nilifika 26 nikaacha kuhesabu kwasababu nilianza kuogopa. Je hao wote wako kwenye karatasi ya nani?

Chombo sitakitaja na karani simtaji, sikuandika ili mtu afukuzwe kazi.

Ila tumeshaona. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikienda Mwanza, abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha, mpaka leo watu wanabishana walikuwa wangapi. MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, mwanzo tulisikia mia mbili na kitu, baadaye tume ikaja na hesabu ya waliokufa na waliopotea zaidi ya 1,500. Fikiria tofauti hiyo! Ni watu hao, mtu na nduguye, mama na mwanawe, hakuna karatasi iliyowataja. Na mwokoaji anayezamia kutafuta atajuaje aache saa ngapi kama hajui ametafuta wangapi na wamebaki wangapi? Nahodha naye atajuaje kuwa amejaza kama watu 26 kwake ni sifuri?

Najua kuna atakayeniambia si upande ndege basi. Kwanza nauli ya mtu mmoja ya ndege sisi wanne tunaenda na kurudi na zawadi ya bibi juu. Halafu kule kwenye ndege ya nusu saa hata mtoto wa mapajani anaandikwa jina lake, mzigo unapimwa, mpaka wewe mwenyewe wanakupima uzito. Boti za Zanzibar hapo posta unaombwa kitambulisho kabla ya tiketi. Kwahiyo kuandika watu kunawezekana, ni huku kwetu tu ndo panaonekana ni usumbufu.

Na sisi wazazi tusijitoe. Wapo wanaomfunika mtoto na kanga ili asilipiwe, nimewaona, na mwenzangu mmoja aliniambia wewe unatafuta gharama za nini kumwandikisha mtoto wakati wamekuachia. Ndo maana naomba wanaohusika na usalama wa vyombo vya majini walitenganishe jina na nauli. Mtoto mdogo apewe tiketi ya bure lakini ina jina lake na umri wake, hapo hakuna mzazi atakayeficha na karani hatakuwa na sababu. Orodha ikishafungwa nakala moja ibaki gatini Nyamisati kabla chombo hakijaondoka, isiende yote majini na nahodha. Na laifujaketi za saizi ya watoto ziwepo, zile za watu wazima mwanangu wa miaka 7 nilimvalisha ikampanda mpaka masikioni, akiangukia maji itamtoka.

Jingine dogo, siku bahari ikichafuka tupewe taarifa Bungu au hata Rangi Tatu kabla hatujalipa nauli. Wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, matangazo yalikuwepo kila redio na watu wakatulia majumbani, lakini zile siku za kawaida za upepo mkali unafika Nyamisati na watoto ndo unaambiwa leo hakuna boti, na nyumba ya kulala hujui utaipata wapi.

Mimi njia hii siiachi. Baba yangu aliipita kwa jahazi, wanangu wanajua majina ya vituo vyote kutoka Kongowe mpaka Bungu kama wanavyojua majina ya shangazi zao. Mwezi wa 12 shule zikifunga tunaenda tena na mdogo wao nimemwahidi safari hii atawaona popo wa kisiwa cha Chole. Majina yote manne nitayaandika mwenyewe kwenye karatasi na umri wa kila mmoja, nitampa karani mkononi, na asipoyaingiza kwenye orodha yake nitashusha mizigo yangu nisubiri boti nyingine.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam