Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Baiskeli ya Gurudumu Moja

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Habari za mahudhurio na michango mtazipata kwa katibu na mhazini. Mimi nitajikita katika jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani kujifunza kuendesha magurudumu ya ukubwa tofauti.

Tulianza mwaka kwa kosa, na kosa hilo lilikuwa langu. Niliamini kwamba mtu mzima mrefu anastahili kuanzia kwenye gurudumu kubwa. Wenzetu wawili tuliowaanzisha kwenye inchi 29 waling'ang'ania ukuta wiki baada ya wiki. Tulipowahamishia kwenye inchi 20, tukainua siti hadi mguu ukakaribia kunyooka pedali ikiwa chini, waliuachia. Haikuwa uoga. Baiskeli hii kwa kawaida haina mnyororo wala gia, na pedali ikizunguka mara moja tairi nayo huzunguka mara moja, kwa hiyo inchi 20 husogea kama mita 1.6 na inchi 36 karibu mita 2.9. Anayejifunza hurekebisha mwegemeo wake kwa kuharakisha au kuzuia gurudumu lililo chini yake. Dogo humtii papo hapo, ilhali kubwa, kwa uzito wake, huitikia wakati yeye ameshafika chini.

Hata hivyo ujuzi wa gurudumu dogo hauhami wote kwenda kwenye kubwa, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Chukueni kupanda bila kushika kitu. Kwenye inchi 20 mpandaji huweka pedali iliyo upande wake chini kidogo, hukaa kwenye siti kwa uzito wake, kisha huikanyaga, na gurudumu hurudi nyuma nusu mzunguko hadi likasimama chini ya kiwiliwili. Inchi 36 haikubali kurudishwa hivyo kwa urahisi, na wengi hulisukuma mbele taratibu na kulipanda likiwa linatembea. Mimi nililiendea kwa mazoea ya inchi 20, mbele ya watoto wa mazoezi, nikaangukia viganja. Waliocheka siku ile wanajua kwa nini glavu na vikinga magoti sasa ni lazima. Vivyo hivyo, kwenda mbele na nyuma mahali pamoja bila kushuka, ambako vijana wetu hukufanya kwenye inchi 20 huku wakipiga soga, kwenye gurudumu kubwa ni kazi ya kutoa jasho, na kusimama kwake kunahitaji mita kadhaa za kujiandaa.

Inchi 24 imekuwa daraja kati ya pande hizo mbili. Ndiyo pia inayotumika katika mbio nyingi za uwanjani chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoanzishwa mwaka 1982, ambazo kwa kundi hilo zinataka kipenyo cha tairi kisizidi milimita 618 na krenki, yaani mikono inayoshika pedali, zisiwe fupi kuliko milimita 125.

Kuhusu krenki, nadhani tulizidharau. Ndefu humpa mpandaji nguvu ya kupanda mlima na kuzuia mwendo; fupi huifanya miguu izunguke kwa ulaini na kasi, ila breki ya miguu hupungua. Kubadilisha krenki ni nafuu kuliko kununua baiskeli nyingine, na gurudumu lile lile huwa kama jipya.

Kulikuwa pia na tukio la pedali kulegea kila baada ya mazoezi. Fundi alizikaza mara tatu kabla mmoja wetu hajagundua kwamba gurudumu lilikuwa limefungwa kinyume, pedali ya kushoto ikawa kulia. Nyuzi za pedali ya kushoto hukazwa kinyume na za kulia, kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa ukizifungua. Tafadhali tazameni herufi za L (kushoto) na R (kulia) kabla ya kupanda.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mkutano uidhinishe mambo mawili: kwamba kila mwanachama mpya ambaye si mtoto mdogo aanzie inchi 20, asiguse inchi 36 kabla ya kupanda bila msaada na kukata kona pande zote mbili kwenye inchi 24, na kwamba fedha zilizotengwa kwa baiskeli mpya zinunue kwanza jozi za krenki za urefu mbalimbali. Wenye maoni tofauti wayalete kwa katibu kabla ya kikao.