Barua ya wazi kwa vijana wa kompyuta wa Unguja na Pemba

Wanangu, Assalamu alaykum.

Nimefundisha hisabati katika skuli za Pemba, kisha za Unguja, na nilikuwa nimeazimia kustaafu kimya kimya. Lakini hivi karibuni nilialikwa kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi, na hapo kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi akatueleza kwamba programu yake inapunguza ukubwa wa faili lolote, liwe la picha, sauti au maandishi, bila ya kupoteza hata herufi moja. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilipomuuliza amelijuaje hilo, alinijibu kwa adabu kwamba ameijaribu kwa mafaili mengi, na kwamba pale inapokwama, kompyuta yenye nguvu zaidi itamaliza kazi.

Haitamaliza, mwanangu. Chukua mafaili ya biti tatu, na biti ni alama moja tu, 0 au 1: yako manane, tangu 000 mpaka 111. Yaliyo mafupi kuliko hayo ni manne ya biti mbili, mawili ya biti moja, na lile tupu lisilo na kitu, jumla saba. Ukiyatia manane ndani ya saba, mawili yatalala tundu moja kama njiwa, na siku ya kulifungua faili hilo programu haitajua irudishe lipi. Kwa biti kumi ni 1,024 dhidi ya 1,023, na hata ukifika biti milioni, pengo ni lile lile la moja. Programu nzuri za kubana mafaili zipo, nazo hufanikiwa kwa sababu picha na maandishi yetu yana marudio mengi; lakini kila inayofupisha baadhi ya mafaili lazima irefushe mengine. Hilo huhitaji kompyuta kuligundua, wahitaji penseli na dakika tano.

Naikiri na sehemu yetu. Tuliwafundisha kukariri kanuni kwa ajili ya mtihani, na neno "thibitisha" tukalifanya adhabu. Ndiyo maana mnajua kuuliza "nifanyeje?", na ni wachache mno wanaouliza "linawezekana mpaka wapi?". Lipo tawi zima la hisabati linaloishi kwa swali hilo la pili, kwa Kiingereza huitwa extremal combinatorics, linalochunguza kitu kinaweza kukua kiasi gani kabla jambo fulani halijalazimika kutokea.

Tazameni baraza yoyote ya kahawa wanapokaa watu sita. Nasema, bila ya kuwauliza majina, kwamba wamo watatu wanaojuana wote au watatu wasiojuana kabisa. Mchukueni mmoja, tumwite muuza kahawa: kati ya wale watano waliobaki, ama anawajua watatu au hawajui watatu. Tuseme anawajua. Ikiwa wawili kati ya hao watatu wanajuana, basi pamoja naye wametimia. Na ikiwa hakuna wanaojuana, wao wenyewe ndio watatu wageni. Upande wa pili ni hivyo hivyo. Frank Ramsey, mwanahisabati Mwingereza aliyefariki mwaka 1930 akiwa na miaka 26, ndiye aliyefungua mlango huu. Mkitaka wanne badala ya watatu, wanahitajika watu 18. Mkitaka watano, wataalamu wanajua tu kwamba namba hiyo si chini ya 43 wala haizidi 46. Watu 43 wana jozi 903, na njia za kuzigawa jozi hizo, kila moja iwe ya wanaojuana au ya wasiojuana, ni namba yenye tarakimu 272. Mleteni sasa huyo mwenye kompyuta yenye nguvu azijaribu moja moja.

Mengine ya wanahisabati nayataja kwa ufupi, mkayatafute wenyewe. Mantel alionyesha mwaka 1907 kwamba mtandao wa vituo kumi usio na pembetatu, yaani vituo vitatu vilivyounganishwa vyote kwa mistari, hauwezi kuzidi mistari 25. Kupanga vitu vitano kwa kulinganisha viwili viwili hakuna hakikisho chini ya ulinganisho saba, kwani mipangilio ni 120 na majibu sita ya ndiyo au hapana hutofautisha 64 tu. Hamming, mwaka 1950, alitunga maneno 16 ya biti saba yanayosahihisha kosa la biti moja. Kila neno linamiliki nafasi nane, yake mwenyewe na saba zinazotofautiana nalo kwa biti moja, na 16 mara nane ni 128, yaani nafasi zote za biti saba zimejaa na la 17 halina pa kukaa. Na mwaka 1985 Razborov alitumia hoja za namna hii kuthibitisha kwamba kuna kazi ambazo saketi, yaani mitandao ya hatua za "na" na "au", zisizo na alama ya kukanusha ("si") haziwezi kuzifanya zikiwa ndogo.

Mimi nipo barazani kila baada ya alasiri, na karatasi ninazo. Kijana yule naye namkaribisha, na wala sitamgombeza. Nitamwekea karafuu nane na vikombe saba vya kahawa, apange mwenyewe, kila karafuu na kikombe chake.