Gari la taka lina tumbo moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji wanaolalamika kwamba wao hutenga taka nyumbani, kisha sisi wazoaji tunazirusha zote kwenye gari moja. Ni kweli, tunazirusha. Gari tulilopewa lina tumbo moja lenye mtambo wa kushindilia, na kila mtaa umepangiwa siku moja tu. Hata ufunge karatasi zako kwa kamba, zikishashindiliwa na maganda na mabaki ya chakula zimekwisha kazi. Karatasi iliyolowa mafuta huharibu rojo lote la karatasi zinazosagwa upya kiwandani, hivyo wanunuzi huikataa.

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Kama fedha za gari la pili hazipo, basi tugawieni siku: leo taka zinazooza, siku nyingine taka kavu. Gari lile lile, dereva yule yule.

Wenye nyumba nao nina neno nao. Ile namba ndani ya pembetatu chini ya chombo cha plastiki, 1 hadi 7, hutaja aina ya plastiki tu, haiahidi kwamba kuna kiwanda kitakachoipokea. Chupa za maji, ambazo ni namba 1, na madumu ya namba 2 hupata wanunuzi. Namba 6, hasa lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, mara nyingi halina pa kwenda. Kopo la alumini ndilo nilipendalo: kuliyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini. Halafu nalikuta limejazwa vipisi vya sigara!

Betri za simu, jamani, msizitie kwenye mfuko wa taka. Zikibanwa na mtambo huweza kuwaka moto, na wakati huo sisi tumening'inia nyuma ya gari. Chupa ikivunjika, izungushie gazeti (hata hili, ukishalisoma) kisha uitie kwenye boksi. Kigae cha chupa hutoboa mfuko na glavu zetu za kitambaa kwa pamoja.

Ratiba ya siku mbili ikikubaliwa, ibandikwe kwenye kila pipa, maana watu hutuuliza sisi na hatuna la kuwajibu.

Mzoa taka,
Jina kapuni.