Barua kwa mwanangu: yule baba wa maktabani

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu na anasema usiwe unalala na njaa huko.

Nimemaliza Pride and Prejudice, ile riwaya ya Jane Austen, nakala uliyoiacha kabatini ikiwa na wino wako kila ukurasa. Imenichukua miezi miwili, na Kiingereza changu hiki cha kuunga-unga, kamusi pembeni. Sikujua kitabu cha 1813 kinaweza kumnyima mtu mzima usingizi.

Pale Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth Bennet, anapokubali kuolewa na Bwana Collins, yule binamu wa akina Bennet, umeandika: "Mwoga!" Hapo tumepishana. Charlotte ana miaka 27, hana mali, wala uzuri wa kusifiwa, na Uingereza ya wakati ule binti wa nyumba kama yake asipoolewa hubaki mzigo kwa ndugu zake. Anamwambia Elizabeth wazi kwamba mambo ya mahaba si yake, anataka nyumba tu ya kukaa kwa raha. Hajidanganyi. Umeona alivyojipanga? Mume anahimizwa ashinde bustanini, eti kwa afya yake. Chumba cha mume kinatazama barabarani, naye amechagua cha nyuma, bwana asije akamzoea mno. Nilicheka mpaka mama yako akauliza kuna nini.

Asiyejua mapenzi ni Collins. Anamposa Elizabeth kwa kutaja sababu moja moja kama anasoma ajenda za kikao, na akikataliwa anasema ndiyo kawaida ya wanawake. Darcy naye, na pauni zake 10,000 kwa mwaka, mara ya kwanza hakuwa mbali na hapo: anamtamkia Elizabeth kwamba anampenda, papo hapo anaeleza ukoo wa binti unavyomshushia hadhi. Wote wawili walikwenda kuposa jibu wakiwa nalo tayari mfukoni. Ila Collins ndani ya siku tatu alishaposa kwa Charlotte, na Darcy aliambiwa hakuposa kiungwana, neno likamkaa kooni kwa miezi.

Sasa huyu Bwana Bennet, baba yake Elizabeth. Wewe umempigia mstari kila anapochekesha, na kweli anachekesha. Lakini mtazame. Alioa ujana na sura, akaja kuona akili za mkewe hazimtoshi, heshima ikamtoka. Akahamia maktabani, akawa anatoka kumfanyia mkewe mzaha mbele ya mabinti watano. Lydia, mdogo wao, alipotaka kwenda Brighton, Elizabeth alimsihi baba amkataze. Mzee akaona heri nyumba itulie. Ya kutoroka na Wickham unayajua.

Halafu mwishoni, Elizabeth anapotaka ridhaa ya kuolewa na Darcy, baba huyuhuyu anamwomba asimtie huzuni ya kumwona akiishi na mume ambaye yeye binti hawezi kumheshimu. Ndoa yake mwenyewe hakuitaja, lakini nani asingejua anasema nini? Hapo nilikiweka kitabu chini, nikazima taa, nikabaki macho.

Unakumbuka mama yako akikosea jina la waziri kwenye taarifa ya habari? Nani alikuwa anamwigiza mpaka mnadondosha vijiko? Nyinyi mlicheka, nami nikajiona fundi wa maneno. Yeye aliinuka akakusanya vyombo, hata sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Sahani zile sikuwahi kuzifikiria mpaka mwezi huu, baada ya miaka yote hiyo.

Juzi nikamuuliza kama zilikuwa zinamuuma. Akaniambia, "Baba watoto, chai inapoa."

Basi baada ya chakula cha usiku namsomea, natafsiri hapohapo kwa Kiswahili. Posa ya Collins ilimfurahisha sana, ilibidi niirudie mara mbili. Anamhurumia Mama Bennet, anasema mwanamke mwenye mabinti watano, na nyumba ikingoja kurithiwa na huyo Collins, binamu wa kiume, angekosaje kupiga kelele? Sikuwa nimeliona hivyo.

Jana akauliza, "Huyu baba yao mbona kazi yake kucheka tu?"

Nikamwambia tuendelee, tutamwona huko mbele. Akanitazama, akasema haya, soma.

Ni mimi,
Baba yako