Ukulele si gitaa dogo, waandaaji wa matamasha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tutoe dukuduku letu kuhusu matamasha ya ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne, hapa Kampala, hasa yale ambayo mashabiki nao huambiwa waje na ala zao.

Tatizo kubwa liko kwenye mitambo. Fundi akiona umbo la gitaa, anafungulia besi kama ya gitaa. Lakini uzi wa ukulele wenye sauti nzito kuliko zote, wa noti C, hutikisika mara 262 kwa sekunde, na hata wale wanaofunga G ya chini huishia 196. Chini ya 150 hamna muziki, ni ngurumo za jenereta na vishindo vya miguu jukwaani. Akate huko! Maiki ikae sentimita 20 hadi 30 mbele ya ala, ielekee pale shingo inapoungana na kasha. Ikitazama tundu, sauti huvuma kama debe tupu. Ala yenye kinasa sauti chini ya daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya kasha) na isiyo na betri isichomekwe kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, bila kikuza sauti katikati, maana hutoka nyembamba na kali. Zile zenye betri, waya uchomolewe wakati wa mapumziko: kwa nyingi, waya ukiwa ndani betri inaliwa.

Mashabiki nao wana lao. Watu 40 wakiingia kila mmoja na G yake, hilo ni soko la Owino, si tamasha. Programu ya simu ya kupimia nyuzi haifai ukumbini, kwani husikia ala ya jirani. Afadhali kile kipimo kidogo kinachobanwa kichwani mwa ala, kinachopokea mtetemo wa mbao yenyewe. Uzi ukiwa juu mno, ulegeze upite chini ya noti, halafu uukaze kuipandia. Ukiishia kwenye kulegeza, meno ya kigingi hubaki na nafasi na uzi hushuka kabla ya wimbo wa pili. Nyuzi mpya za nailoni huendelea kuvutika kwa siku kadhaa, hivyo zifungwe wiki moja kabla, si asubuhi ya tamasha.

Waliozoea gitaa husumbuliwa na uzi wa nne. G hiyo kwa kawaida sauti yake ni ya juu kuliko C na E. Wao huilegeza wakitafuta besi, ikawa kamba ya kuanikia nguo. Anayetaka G ya chini anunue uzi wake, mnene.

Kukiwa na adungu, kinubi cha asili cha Uganda, mpigaji wake ndiye aulizwe kwanza noti ya kuanzia. Yeye akitaka kuhama skeli lazima azungushe vigingi. Wa ukulele anahamisha vidole tu.

Tena, Aprili na Novemba waandaaji waepuke kumbi za mabati zisizo na dari. Mvua ikianza kupiga, mashabiki hawasikii hata ala walizozishika wenyewe.

Na kwenye bango, chini ya bei ya tiketi, iandikwe kwamba nyuzi zifungwe G, C, E, A. Baritoni, ukulele kubwa, hufungwa D, G, B, E, na mwenye nayo akipanga vidole kwa umbo la kodi ya C pamoja na wenzake, inayotoka ni G.

Wapigaji wa ukulele,
Kampala